Usisubiri Siku ya Kliniki: Maswali Yenu Kuhusu Maudhi ya Tiba ya Saratani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu walio katikati ya tiba ya saratani, au kwa ndugu wanaowauguza. Wanaojibu ni jopo letu la kawaida: muuguzi wa wodi ya saratani, mfamasia na mtaalamu wa lishe. Barua tumezifupisha, na majina tumeyaondoa kama wengi mlivyoomba. Jambo moja limetusumbua tulipozisoma: karibu kila barua ina neno "navumilia". Maudhi mengi ya tiba hii yana dawa, na dawa hiyo inafanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema. Mgonjwa asiposema, kwenye faili huandikwa kwamba hana shida, na dripu inayofuata inampiga vilevile kama iliyopita.

HOMA SIKU YA KUMI

Swali: Shikamooni. Mama yetu ana saratani ya titi, anapata dripu kila baada ya wiki tatu. Siku ya kumi baada ya dripu ya pili alipata homa na kutetemeka. Tulimpa Panadol, homa ikashuka, usiku ikarudi. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kwa kuwa kliniki ilikuwa Jumatatu, tukasubiri siku mbili, na tulipomfikisha hospitali hali ilikuwa mbaya, akalazwa. Sasa ameruhusiwa. Mara nyingine tufanye nini? (Binti yake, Kilosa)

Jibu: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Mara nyingine msingoje hata kukuche.

Dawa za saratani hushambulia seli zinazogawanyika haraka, na uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, umejaa seli za namna hiyo. Kwa dawa nyingi za dripu, chembe nyeupe za damu hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Siku ya kumi imo humo humo. Usaha na uvimbe hutokana na kazi ya chembe hizo. Zikiwa chache, mtu anaweza kuwa na maambukizi makali bila jipu, bila makohozi, bila dalili yoyote isipokuwa homa. Bakteria wakishaingia kwenye damu, saa chache zinatosha kumwangusha.

Nunueni kipimajoto cha kidijitali kikae nyumbani. Mfuteni jasho kwapani, wekeni ncha katikati ya kwapa, abane mkono hadi kilie. Kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni, kwa hiyo 38 mdomoni au 37.5 kwapani ni ya kwenda hospitali, mchana au usiku. Pimeni kwanza, ndipo mfikirie Panadol. Panadol haitibu maambukizi. Inashusha namba kwenye kipimajoto, nyumba nzima inatulia, huku ugonjwa unaendelea. Wala msimwekee dawa yoyote kupitia njia ya haja kubwa, kwa sababu mchubuko mdogo pale ni mlango wa bakteria.

Nendeni hospitali ya karibu inayolaza wagonjwa; hakuna haja ya kusafiri hadi kwenye kliniki yake ya saratani. Mapokezini semeni hivi: "Mgonjwa yuko kwenye dawa za saratani, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, na ana homa." Onyesheni kadi yake. Lengo ni apate antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja tangu afike, kwa hiyo mkiambiwa mpange foleni, rudieni sentensi hiyo kwa muuguzi mwingine. Wapime picha kamili ya damu hata kama malaria imeonekana, maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Namba ya kutazama ni ya nyutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazopambana na bakteria: chini ya 500 kwa mikrolita ni hatari kubwa.

Mzee, au mgonjwa anayetumia deksamethasoni (steroidi inayotolewa pia kuzuia kutapika), anaweza kuwa na maambukizi bila joto kupanda. Akitetemeka, akichanganyikiwa au akilegea ghafla ndani ya siku hizo, ondokeni naye. Nauli ya dharura itengwe tangu siku ya dripu na isiguswe kwa matumizi mengine. Mara nyingi kinachochelewesha watu usiku ni kutafuta fedha, hata pale uamuzi ulipokwisha kufanyika.

KUTAPIKA KUNAKOANZA SIKU YA TATU

Swali: Siku ya dripu niko salama kabisa. Siku ya tatu natapika hadi nyongo. Vidonge vya kuzuia kutapika ninavyo, navimeza nikianza kutapika lakini vinatoka. Natumia ile dawa nyekundu. Navumilia, ila naogopa dripu ya tatu. (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Dada, vidonge hivyo havikusudiwi kusubiri utapike. Kichefuchefu cha dawa za saratani huja kwa mawimbi mawili. La kwanza ni la siku ile ile, na hilo wamelizuia kwa sindano kabla ya dripu. La pili huanza baada ya saa 24 na linaweza kwenda hadi siku ya tano. Hilo linakukuta nyumbani.

Meza kwa saa, hata kama unajisikia vizuri. Kama umeandikiwa ondansetroni miligramu 8 mara mbili kwa siku, basi ni saa moja asubuhi na saa moja jioni, kuanzia siku uliyoandikiwa hadi ziishe. Kidonge kikitoka kizima ndani ya nusu saa, meza kingine. Deksamethasoni imezwe asubuhi baada ya kula. Ukiimeza jioni utakesha. Kabla ya dripu ya tatu mwambie daktari maneno haya haya uliyotuandikia, na ulizia olanzapini. Ni kidonge kidogo cha usiku, miligramu 2.5 au 5, kinachosaidia sana kwenye wimbi la pili. Karatasi ya ndani itakwambia ni dawa ya wagonjwa wa akili. Usishtuke, kwa kutapika inatumika kwa siku chache tu. Huleta usingizi mzito, kwa hiyo usiamke ghafla kwenda msalani.

Usiende kwenye dripu na njaa. Kipande cha mkate au kiazi kitamu kilichopoa saa mbili kabla kinatosha. Chakula kilichopoa hakinuki kama cha moto, ndiyo maana wengi hushindwa wali wa moto lakini wanakula ndizi mbivu au uji wa baridi. Kukaanga samaki na kuunga kitunguu afanye mtu mwingine, wewe ukae upande upepo unakotoka. Tangawizi kwenye chai husaidia wengine kidogo, nasi hatuikatazi, ila haichukui nafasi ya vidonge.

Ondansetroni hufunga choo. Ukimaliza siku mbili bila kwenda haja, ulizia dawa ya kulainisha, usingoje ya tatu. Ukishindwa kubakiza hata maji kwa saa 24, au ukikaa saa 12 bila kukojoa, nenda hospitali. Wanaopewa sisplatini wawe wakali zaidi hapa kwa sababu inaumiza figo, na figo kavu huumia zaidi. Hao wasiguse diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya kichwa au mgongo, maana nazo hubana damu inayokwenda kwenye figo.

Na kwa kuwa umetaja dawa nyekundu, yaani doksorubisini: mkojo mwekundu siku ya kwanza na ya pili ni rangi ya dawa. Ukiendelea baada ya hapo, au ukikuchoma, ni jambo la kupimwa.

VIDONDA MDOMONI

Swali: Nimeambiwa nisukutue kwa maji ya chumvi na magadi. Nimefanya, mdomo umewaka moto. Sasa sili. (Msomaji, Tabora)

Jibu: Acha magadi mara moja. Ulichokuwa unaelekezwa ni unga mweupe laini wa kuokea, bikaboneti ya sodiamu, ambao dukani huitwa bekingi soda. Magadi ya kulainishia maharage ni makali kuliko huo, na magadi ya kutengenezea sabuni yanababua nyama. Bekingi pauda ya maandazi nayo si yenyewe, imechanganywa na asidi. Kama huna hakika na kilicho kwenye kopo, tumia chumvi peke yake.

Chemsha lita moja ya maji, yapoe hadi yawe vuguvugu. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa kwa kisu, na kimoja cha bekingi soda kama unayo. Weka kwenye chupa safi yenye kifuniko. Sukutua baada ya kila mlo na kabla ya kulala, mara nne hadi sita kwa siku. Shika maji mdomoni nusu dakika, yazungushe, tema. Yanayobaki jioni mwaga, kesho tengeneza mapya. Maji hayo hayaponyi kidonda, ila yanaondoa mabaki na asidi ili ngozi mpya iote bila kuvurugwa, na kwa kawaida huota katika wiki moja hadi mbili.

Mswaki uwe laini, uuloweke kwenye maji ya moto kabla ya kutumia. Kama hata huo unaumiza, zungushia kitambaa safi cha pamba kwenye kidole. Mswaki wa mti uweke kando hadi utakapopona, kwa sababu nyuzi zake huchoma fizi. Dawa za kusukutua zenye spiriti, ndimu, pilipili, nanasi na soda viache. Kula mtori, uji, parachichi, ndizi zilizopondwa, yai lililoiva likapondwa na maziwa. Parasetamoli (Panadol) nusu saa kabla ya kula husaidia, lakini, kama tulivyomwambia binti wa Kilosa, pima joto kwanza.

Ukiona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda kwenye ulimi, ni fangasi, na chumvi haitautoa. Unahitaji nistatini ya matone au vidonge vya flukonazoli. Ukishindwa kumeza hata mate, hilo si la kungoja kliniki.

MZEE HAMEZI

Swali: Hamjambo. Mzee wangu ana saratani ya umio na ameanza mionzi. Chakula kigumu hakipiti, tunampa uji mwepesi tu, na amekonda sana. Tumwongeze nini? (Msomaji, Bomet)

Jibu: Hatujambo. Uji mwepesi wa wimbi ni maji kwa sehemu kubwa sana. Mzee anashiba kikombe kizima na amepata kalori chache. Ukiukoroga uwe mzito ili apate zaidi, haupiti. Njia ya kutoka hapo ni kimea, unga wa nafaka iliyochipuzwa, ambao Tanzania ulihimizwa miaka ya 1980 kwa uji wa watoto. Kwa mgonjwa wa umio unafaa vilevile.

Loweka wimbi usiku mmoja, chuja, tandaza kwenye kitambaa chenye unyevu, funika, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu zitachipua. Anika juani zikauke kabisa, zifikiche ili vichipukizi vitoke, saga. Zikinuka uvundo au kuota ukungu, tupa zote. Tumia wimbi, usitumie mtama, kwa sababu vichipukizi vya mtama vina sumu ya sianidi.

Pika uji mzito hadi mwiko ukaribie kusimama: kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vitatu vya maji. Epua, uache hadi uweze kuugusa kwa kidole kwa nukta moja bila kuungua. Hapa ndipo wengi hukosea, maana wakitia kimea kwenye uji unaochemka, vimeng'enya vyake hufa na hakuna kinachotokea. Tia vijiko viwili vya chakula vya kimea, koroga. Ndani ya dakika kumi uji utalegea wenyewe uwe wa kunyweka, na unga wote bado umo ndani. Urudishe jikoni uchemke dakika tano, kwa kuwa kimea kibichi kina vijidudu na mzee hana kinga ya kuchezea. Kisha ongeza vijiko viwili vya siagi laini ya njugu karanga, karibu kalori 190, na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, kalori 120, na maziwa yaliyochemshwa badala ya maji ya kupunguzia. Mpe robo lita kila baada ya saa mbili au tatu. Asikae mchana kutwa akingojea milo mitatu.

Akae wima anapokunywa na nusu saa baadaye. Akikohoa kila anapomeza maji, au sauti ikawa ya majimaji, huenda chakula kinaingia mapafuni: acheni kumlisha, mpelekeni hospitali. Chai isiwe ya moto sana. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye orodha ya vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, na kwa koo lililokwisha kuumizwa na mionzi ni mateso tu. Maumivu ya kumeza huzidi kuanzia wiki ya pili au ya tatu ya mionzi, kisha hupungua wiki chache baada ya kumaliza. Mwombe daktari dawa ya maumivu ya maji kabla hamjafika huko.

Mate yasipopita kabisa, ulizeni kuhusu mrija wa kupanua umio. Hapo kwenu Bomet, hospitali ya Tenwek ina uzoefu mkubwa wa kuuweka. Ukishawekwa, nyama ya vipande, mkate mkavu na nyuzi za sukuma wiki vinaweza kuziba, kwa hiyo kila kitu kisagwe na anywe maji kidogo kidogo kati ya matonge.

MIONZI YA NYONGA, NGOZI NA NDOA

Swali: Nimetoka Tanga, niko Dar kwa dada yangu, natibiwa saratani ya mlango wa kizazi pale Ocean Road. Mionzi 25, nimefika 14. Naharisha, na ngozi ya chini imekuwa nyeusi na inachoma. Shangazi anataka kunikanda kwa maji moto. Nimefikiria nisiende siku tatu nipumzike. Pia naona aibu kuuliza: mume wangu na mimi itakuwaje? (Msomaji)

Jibu: Tunashukuru umeuliza. Shangazi ana nia njema, ila mwambie kwa upole kwamba hapo hapakandwi. Ngozi iliyopigwa mionzi imeungua kwa ndani, na maji ya moto yanaongeza kuungua. Oga maji ya uvuguvugu kwa kiganja na sabuni isiyo na manukato, jikaushe kwa kugusagusa na khanga laini, usisugue. Usifute alama walizokuchora. Poda, udi, manukato, mafuta mazito na wembe viwe mbali na eneo hilo. Ukiwa nyumbani vaa khanga bila chupi ili upepo upite. Ukitoka, chupi ya pamba iliyolegea. Ngozi ikichubuka ikawa na majimaji, waonyeshe mafundi wa mionzi siku hiyo hiyo, watakupa dawa ya kupaka. Ujue pia kwamba ngozi huendelea kuwa mbaya wiki moja au mbili baada ya kumaliza, ndipo ipone.

Kuharisha huanza wiki ya pili au ya tatu, kwa sababu utumbo umo njiani mwa mionzi. Ndiyo sababu wanakuambia ujaze kibofu: kikijaa husukuma utumbo juu, nje ya mionzi. Kunywa kiasi kile kile kila siku kama ulivyoelekezwa, usidanganye kwa kuogopa foleni. Punguza maharage, kabichi, pilipili na maziwa. Kula wali, ndizi, viazi, samaki wa kuchemsha. Maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Loperamaidi, dawa ya kuzuia kuharisha, huanza kwa miligramu 4, kisha 2 baada ya kila choo cha maji, isizidi 16 kwa siku, na isitumike kama kuna damu au homa.

Usikose siku. Tiba yote, pamoja na mionzi ya ndani inayotolewa kupitia uke, inatakiwa iishe ndani ya wiki nane, maana ikivutwa zaidi nafasi ya kupona hupungua. Kama umechoka, sema umechoka, lakini uwe umefika.

Kuhusu mume wako: saratani haimrukii, na mionzi haibaki mwilini mwako. Kwa sasa pumzisheni. Baada ya kumaliza, kuta za uke huelekea kushikana na kukakamaa. Wiki mbili hadi nne baadaye, daktari akishakukagua, unaanza kutumia kifaa cha kupanulia uke pamoja na kilainishi cha maji, dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa wiki. Mnaweza kurudiana ngozi ikipona, mara nyingi baada ya mwezi mmoja hivi. Matone machache ya damu mwanzoni ni ya kawaida. Damu nyingi siyo. Hata mwanamke asiye na mume anahitaji kifaa hicho, vinginevyo daktari hataweza kumkagua vizuri miaka ijayo. Hedhi itakoma na joto la ghafla litakuja. Muulize daktari kuhusu homoni. Wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi wanaruhusiwa.

JE, NITAMDHURU MTOTO?

Swali: Nikitoka kwenye dripu mama mkwe ananizuia kumbeba mwanangu. (Msomaji, Temeke)

Jibu: Mbebe, mkumbatie, lala naye. Kinachohitaji tahadhari ni mkojo, kinyesi na matapishi kwa saa 48 baada ya dripu, kwa sababu dawa hutokea humo. Choo cha kuvuta, vuta mara mbili kifuniko kikiwa kimefungwa. Cha shimo mwaga maji ya kutosha na funika. Anayefua nguo zilizochafuka avae glavu na azifue peke yake mara mbili. Kondomu zitumike wiki nzima baada ya dripu. Usinyonyeshe, na usishike mimba katika kipindi cha tiba. Mtoto akiwa na mafua, surua au tetekuwanga, hapo wewe ndiye wa kulindwa dhidi yake.

JUISI YA ROZELA NA MAJANI YA MSTAFELI

Swali: Damu yangu imeshuka hadi 7.2 na dripu imeahirishwa. Nanywa rozela na biti kila siku, jirani kaniletea majani ya mstafeli. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Damu yako haikushuka kwa kukosa juisi. Uboho umezimwa na dawa, na hauwezi kutengeneza hata ukiletewa malighafi yote. Rozela na biti kunywa kwa ladha, bila sukari nyingi, maji yakiwa ya kuchemsha. Kwa 7.2 ukiwa na mapigo ya moyo ya kasi au kushindwa kupumua, unaongezewa damu, kwa hiyo ndugu wajiandae kuchangia. Maini yaliyoiva kabisa, dagaa, mayai na mboga za majani vitasaidia uboho ukiamka.

Majani ya mstafeli acha. Yana kemikali zinazodhuru mishipa ya fahamu, na dawa yoyote ya kuchemsha inayopita kwenye ini inaweza kugongana na tiba. Kama umeshakunywa, mwambie daktari jina na kiasi. Hatakufukuza, atapima ini na figo kabla ya dripu. Kama unatumia dawa za VVU zenye zidovudini, uliza kama zibadilishwe, kwa kuwa nayo hushusha damu. Ila usiziache mwenyewe.

GANZI VIDOLENI

Swali: Paklitakseli imeniletea ganzi, sasa nadondosha vikombe. Nachoma sindano za vitamini B. (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Kudondosha vikombe ni habari ambayo daktari lazima aisikie kabla ya dripu inayofuata, maana dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Ikipuuzwa, ganzi inaweza kubaki. Sindano hizo hazizuii ganzi ya paklitakseli, na vitamini B6 ikizidi huleta ganzi yenyewe. Isipokuwa kama unameza isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu. Hapo B6 unaihitaji, kwa dozi uliyoandikiwa. Pima joto la maji kwa kiwiko, vaa viatu hata ndani, na kagua nyayo kila jioni.

KUFUNGA RAMADHANI

Swali: Assalaam alaykum. Natumia vidonge vya kapesitabini, siku 14 kisha napumzika 7. Je, nifunge? (Msomaji, Unguja)

Jibu: Wa alaykum salaam. Siku 14 za vidonge usifunge. Vinatakiwa vimezwe mara mbili, kwa kuachana saa 12 hivi, ndani ya nusu saa baada ya kula, na maudhi yake makubwa ni kuharisha. Kuharisha bila kunywa maji mchana kutwa kunaweza kuziangusha figo. Aya za 184 na 185 za Surat al-Baqara zimempa mgonjwa ruhusa. Kuhusu kulipa au kutoa fidia, sheikh wako atakuelekeza. Siku 7 za mapumziko zungumza na daktari kwanza.

Ukipata choo mara nne au zaidi juu ya kawaida yako kwa siku, au kikakuamsha usiku, simamisha vidonge na upige simu kliniki. Kusimamisha kwa siku chache hakuharibu tiba, na dozi ulizoruka usizifidie. Viganja na nyayo vikiwa vyekundu au vyeusi na kuuma, paka mafuta mazito asubuhi na usiku, usioshe vyombo kwa maji ya moto, na utoe taarifa kabla havijachubuka.

TUNAOGOPA MORFINI

Swali: Baba ana saratani ya tezi dume iliyoingia mifupani. Amepewa morfini ya maji. Kaka anasema ikifika morfini ndiyo mwisho, kwa hiyo tunampa akilia tu. (Msomaji, Mbeya)

Jibu: Poleni sana. Morfini hutolewa kwa ukubwa wa maumivu, na wapo wanaoitumia miezi mingi huku wakitembea na kula. Mkimpa akilia tu, maumivu yanakuwa yameshapanda na yanahitaji dozi kubwa zaidi kuyashusha. Morfini ya maji hufanya kazi karibu saa nne. Mpeni kwa saa, kwa mfano saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi maradufu kwa mkupuo mmoja ili alale hadi asubuhi, kama daktari ameruhusu. Maumivu yakitoboa katikati, kuna dozi ya nyongeza. Ulizeni ni kiasi gani na iandikwe kwenye kadi.

Atasinzia na kuhisi kichefuchefu siku mbili tatu za mwanzo, kisha vinapungua. Kinachobaki ni choo kigumu, na hicho hakipungui, kwa hiyo bisakodili, dawa ya kufungua choo, ianze siku ile ile ya morfini, kidonge kimoja au viwili usiku. Akiwa haamki mkimwita, au anapumua polepole kupita kawaida, msimpe dozi inayofuata, mpelekeni hospitali. Ikiwa miguu inalegea ghafla au mkojo unagoma, hiyo si morfini: huenda uti wa mgongo umebanwa, na ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Someni nguvu iliyoandikwa kwenye chupa kila mnapopewa mpya, maana chupa mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana mara kumi. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, msitumie kijiko cha chai, na chupa ifungiwe mahali watoto hawafiki.